Kompyuta Iliyomtoboa Shemeji

Dada Kinanda alikuwa mpokezi katika kliniki ya meno ya kaka yake, na mezani pake palikuwa na kompyuta ya DOS iliyozeeka kuliko baadhi ya wagonjwa. Aliiwekea programu ndogo ya kupiga nyimbo za MIDI, zile zinazopigwa na kompyuta yenyewe, chinichini, huku yeye akiandika majina ya watu kwenye skrini nyeusi. Vinanda na tarumbeta zile za bandia ziliwasahaulisha wagonjwa mashine ya kutoboa meno.

Siku moja akaja mume wa mdogo wake, mdomo mkubwa, jino bovu.

"Shemeji, hilo jeneza bado linaimba?" akacheka. "Mimi si mtoto wa kubembelezwa. Mwanaume ni kuvumilia."

Akaingia ndani, akajilaza kitini, akafumba macho, akaachama.

Mara kompyuta ikaganda katikati ya wimbo. Ikishaganda, sauti ya mwisho haikatiki, basi spika ikashika sauti hiyo moja tu, nyembamba na kali: ngiiiiiii!

"Mamaaa! Daktari, unaniua! Umefika kwenye ubongo!"

"Shemeji," daktari akajibu kwa upole, "mimi bado nanawa mikono."

Chumba cha kusubiri kikaangua kicheko. Hata bibi mmoja aliyevimba shavu alicheka huku amelishikilia.

Dawa Dada Kinanda aliijua: kuizima na kuiwasha upya. Akapeleka kidole hadi kwenye swichi, akamsikia shemeji akilia tena, akakirudisha. Chai yake ilikuwa bado ya moto, akaona aimalize kwanza.