Mke Mwenza Aliye Uani

Baba mdogo ni mtu mpole. Ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi kwa kuuweka mguu wake mahali ulipotaka kukanyaga. Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia, katika chumba kidogo nyuma ya kliniki ya meno. Wateja humrudishia meno kila kukicha: yananibana, yananicheza, nikicheka yanatangulia. Yeye hujibu "sawa mama, sawa mzee" na kuyasaga upya mpaka yatulie. Hata mkewe, mama mdogo, akicheza na wanaume wengine kwenye harusi mpaka kisigino cha kiatu king'oke, baba mdogo humshikia mkoba na kumpigia makofi. Ukimtazama utasema Mungu alipogawa wivu, huyu alikuwa kazini.

Sasa gusa gari lake. Gusa kioo cha pembeni tu, uone.

Ni gari la Kiitaliano, la michezo, lililotoka kiwandani kabla mimi sijafikiriwa. Milango miwili, pua ndefu, rangi ya kijani ya chupa, limelala chini kama paka anayevizia panya. Kiti cha nyuma kipo, ila aliyekichora nadhani hakuwahi kuona binadamu mwenye magoti. Baba mdogo alilikuta kwenye ua wa mtu, kuku wanatagia kiti cha dereva, akalifufua kwa mikono yake na kwa vifaa vya kazini. Kromu huisugua kwa dawa ile ile ya kung'arishia meno. Ufa wa dashibodi aliuziba kwa plastiki ya waridi inayotengenezewa fizi. Kwa hiyo ukikaa mbele unatazamana na dashibodi nyeusi yenye ufizi, na unabaki ukisubiri itabasamu.

Tangu lifufuke, hakuna aliyewahi kukaa kiti cha dereva isipokuwa yeye, na mwingine mmoja aliyejutia. Zamani kulikuwa na fundi mmoja wa gereji. Siku moja alilipiga resi kwa nguvu ili asikie injini, na huo ukawa mwisho wa urafiki. "Alilikanyaga kama anaua mende," baba mdogo alituambia. Akanunua spana zake.

Mama mdogo naye hajawahi kuliita gari. Huliita "mwenzangu."

"Mwenzangu kaoga leo? Mwenzangu kala?" huuliza jikoni, kwa sauti ya kufika uani. Kisha hunigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyepo siku zote tangu chuo kinishinde katikati. "Mimi nikiumwa mgongo naambiwa nimeze kidonge, nilale. Yule akikohoa tu, mwanaume anajilaza chini yake na tochi mdomoni. Na anamsemesha! Mimi mara ya mwisho kusemeshwa hivyo nilikuwa mchumba."

Siyo utani wote. Dirisha la chumba chao linatazama uani. Kila Jumapili, kabla ya chai, baba mdogo hushuka kulipasha gari injini, na mkewe hubaki kitandani ameugeukia ukuta. Nilidhani amelala. Mwanamke mwenye wivu hapati usingizi, anafumba macho tu.

Wa tatu katika habari hii ni mwenye duka la dawa la mtaani. Tunamwita Bwana Pole kwa sababu humpa kila mtu pole. Ukienda kununua pamba, pole. Ukienda kuomba chenji, pole. Ana gari lake jipya, kubwa, lenye viti vya kupasha joto makalio, lakini roho yake iko kwetu uani. Kila alipopita alisimama getini, akaliangalia gari la baba mdogo kama mtoto anavyoangalia keki ya mwenzake.

Basi, siku moja baba mdogo alichuchumaa sana karibu na gurudumu, akasimama kwa haraka, na goti la kushoto likalia kama karanga inayopasuliwa. Daktari akalifunga, akasema mguu ule usikanyage kitu chochote kizito mpaka atakapomruhusu, na siyo leo wala mwezi huu. Wenye magari mnajua mguu wa kushoto una kazi gani. Klachi ya gari lile ni ngumu kama moyo wa mwenye nyumba wako.

Na gari la zamani likikaa linakufa. Breki zinaganda, mpira unakauka, petroli inakuwa maji machafu, panya wanahamia. Baba mdogo aliweka kiti cha plastiki pembeni yake na kukaa hapo kila akirudi kazini, mkono juu ya boneti, kama mtu aliye kando ya kitanda cha hospitali. Chakula akawa anakionja na kukiacha.

Ndipo Bwana Pole akaja, safari hii akavuka geti.

"Pole, ndugu yangu. Pole na goti." Kisha akaligeukia gari, akainama kidogo, akasema taratibu, "Na wewe pole."

Alipoondoka baba mdogo aliniita. "Kaliambia nini?"

"Kalipa pole."

"Kwa sauti ile?"

Bwana Pole akarudi kesho yake, na keshokutwa. Hakukosa adabu hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baba mdogo. "Ndugu yangu, mimi sikulazimishi," alisema. "Ila likiozea hapa utajilaumu. Kwangu kuna kibanda kizuri. Kila siku litatoka, litapata hewa."

"Litatoka na nani?"

"Na mimi."

Baba mdogo alimeza hilo kama anameza jino. Akalitazama gari, akatazama goti, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeandika talaka: "Jumamosi. Jumamosi asubuhi, kama hakuna mtu wa nyumba hii aliyeweza kulitoa getini, njoo ulichukue. Afadhali liishi kwa mwanaume mwingine kuliko linifie mikononi."

Haya, nyumba yetu ina watu watatu. Mmoja hana goti. Mmoja ni mimi, na leseni yangu ya udereva ilikwama palepale ilipokwama stashahada. Wa tatu anaendesha gari la kiwanda cha mikate, na nimemwona akilirudisha kinyumenyume kwenye kichochoro huku anagombana dirishani na mwenye kioski, bila kugusa ukuta.

Nikamtajia baba mdogo. Alinitazama kama nimemwomba mswaki wake nimwazime jirani.

"Mke wangu? Kiti kile?"

"Au Bwana Pole," nikasema.

"Kamwite," akasema.

Nilimkuta mama mdogo anaosha vyombo. Nikamtania: si ndiyo nafasi yako hii? Kaa kimya mpaka Jumamosi, mwenzako aondoke, ulale Jumapili kama watu.

Hakucheka. Alikung'uta maji mikononi. "Wewe mtoto hujaoa, hujui kitu. Mke mwenza aliyeondoka hazeeki. Likienda kwa yule muuza vidonge, mume wangu ataliwaza mpaka kaburini, na kila mwaka litazidi kuwa zuri kichwani mwake. Mimi nitashindana vipi na kitu kisichoota kutu? Mwache abaki hapo uani, nimwone anavyochakaa. Nipishe."

Somo lilifanyika Ijumaa jioni. Betri ilikuwa bado inachajiwa ndani, kwa hiyo lilikuwa somo la mdomo. Mama mdogo alikaa kiti cha dereva na baba mdogo akasimama mlangoni kwa fimbo yake. Macho hayakumtazama mkewe usoni, yalikuwa yamekwama kwenye makalio yake juu ya ile ngozi.

"Usijitupe. Kaa kama unakaa juu ya yai."

"Nimeambiwa kuku walikaa juu ya mayai hapa. Halikulalamika."

"Gia ya pili usiilazimishe. Iombe."

"Niiombe. Sawa. Na kuliwasha?"

"Unaingiza ufunguo, unakanyaga mafuta, unapiga stata."

"Basi?"

Baba mdogo alifungua mdomo, akaufunga.

"Basi," akasema.

Jumamosi Bwana Pole alifika amenyoa, ananukia, amevaa shati la kuendea posa. Mkononi alishika kitambaa kipya laini cha kufutia gari. Baba mdogo alikiona kile kitambaa, na mshipa ukamsimama shingoni. "Kaja na taulo kabisa," akaninong'oneza.

Mama mdogo aliingia amevaa viatu vya kazini. Akaingiza ufunguo, akakanyaga mafuta, akapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akarudia. Mlio ukaanza kuchoka, kama mzee anayejaribu kusimama kutoka kwenye kochi. Mara ya tatu gari likatoa pumzi moja tu, likanyamaza.

"Pole, mama," akasema Bwana Pole, na akakikunjua kitambaa.

Nikamtazama baba mdogo. Nilitegemea kuona huzuni, na huzuni ilikuwepo, lakini pembeni ya mdomo wake kulikuwa na kitu kingine, kidogo, chenye aibu. Mtu alikuwa amefurahi. Gari lilikuwa limemkataa mkewe! Halafu Bwana Pole akaweka kitambaa juu ya boneti, na ile furaha ikamfia mdomoni. Akajikokota mbele kwa fimbo.

"Mke wangu, ngoja. Kuna kitu, nilisahau ku..."

Mama mdogo alitoa kiganja dirishani. "Nyamaza. Nyamazeni wote. Na wewe toa shuka lako hapo."

Kitambaa kikatolewa.

Safari hii aliuzungusha ufunguo nusu tu, akauacha. Kutoka chini, upande wa nyuma, ikasikika pampu ya mafuta ikiijazia injini, ikigonga tiki-tiki-tiki haraka haraka. Yeye alikuwa amefumba macho na kuinamisha kichwa, mikono mapajani. Mlio ukapungua kasi. Tiki. Tiki. Ukanyamaza, na mimi nikadhani umekwisha, lakini yeye hakusogea. Ukaja mlio mmoja wa mwisho, umechelewa, tiki. Ndipo akakanyaga mafuta mara mbili mpaka chini, akaondoa mguu kabisa, akapiga stata.

Injini ilishika mara moja. Ua wote ukajaa ngurumo, nguo zikatikisika kwenye kamba.

Alifumbua macho na kumtazama mumewe. "Ulinificha."

"Nilisahau."

"Unasahau siku ya kuzaliwa kwangu. Hilo hukusahau."

Baba mdogo aliuliza tu, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Nani kakuonyesha?"

"Nani anionyeshe? Miaka yote hiyo nimelala pale dirishani nawasikiliza. Unadhani mke mwenza hajui mwenzake anaamshwaje?"

Kisha akamwambia apande. Baba mdogo alizunguka upande wa abiria na hapo tukagundua jambo: hajui mlango ule unafunguliwaje. Hakuwahi kuufungua kwa ajili yake mwenyewe. Alihangaika na kitasa mpaka mkewe akamfungulia kwa ndani. Mimi nikajikunja kiti cha nyuma, magoti masikioni, kwa sababu sikuwa tayari kusimuliwa. Tulipopita getini Bwana Pole alikuwa amesimama na kitambaa chake mkononi.

"Pole," nikamwambia kupitia dirishani. Sijawahi kulifurahia neno lile kiasi hicho.

Barabarani baba mdogo alikaa mikono juu ya mapaja, mguu mzima ukikanyaga breki isiyokuwepo. Mama mdogo aliiomba gia ya pili na ikamkubalia. Ya tatu ikaingia kama kijiko kwenye uji. Kwenye kona gari lililala vizuri, likatoka likiimba, na mwanamke akatoa kicheko kifupi ambacho sikuwahi kumsikia nacho nyumbani. Baba mdogo aligeuka akamtazama, kisha akaitazama dashibodi. Hakujua amwonee wivu nani. Wawili wake wote walikuwa wanafurahi, na hakuna aliyemhitaji.

"Goti linauma," akasema. "Turudi."

"Goti la kushoto lina kazi gani leo?"

Watu walisimama kuangalia. Vijana wa pikipiki walipiga honi. Muuza magazeti mmoja alimpigia mama mdogo saluti, naye akaipokea kama ni haki yake tangu azaliwe. Baba mdogo aliinua mkono kuitikia, lakini saluti ilikuwa imeshapita.

Tukaingia kituo cha mafuta. Mhudumu alikuja mbio, akalizunguka gari, akainama dirisha la dereva.

"Mama, gari lako ni zuri jamani! La mwaka gani?"

Kabla hajajibu, baba mdogo alijinyoosha juu ya gia mpaka kifua kikagusa usukani.

"Ni langu."

"Ni letu," akasema mama mdogo, bila kumtazama.

"Letu ni friji. Letu ni kochi. Hili ni langu."

"Sawa." Mama mdogo alichomoa ufunguo na kumwekea kiganjani. "Basi liendeshe."

Nyuma yetu foleni ilianza kupiga honi. Mhudumu alisimama na bomba mkononi, akitazama huku na huku kama mwamuzi wa mpira wa meza. Baba mdogo aliutazama ufunguo, kisha akainama kuutazama mguu wake uliofungwa bandeji, muda mrefu. Akamrudishia mkewe ufunguo, polepole, akiuachia kidole kimoja kimoja.

"Haya, letu," akasema. "Lakini kiti usikisogeze mbele. Na redio, usiiguse."

"Hata sikutaka redio," akasema mama mdogo, akauzungusha ufunguo nusu, akatuonyesha kidole mdomoni tunyamaze.