Meditasyo na Sikio Langu la Kushoto

Sikio langu la kushoto lilianza kulia baada ya ibada ya mavuno, na mtu wa kwanza niliyemwambia alicheka. Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Kwetu Kivu Kusini wanasema sikio likilia kuna mtu anakusema mahali, na likiwa la kushoto anakusema vibaya. Wifi akaniambia nimtafute anayenisema. Sikuwa na haja ya kutafuta mbali. Tangu tufike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, sijawahi kumwona wifi mwenyewe amefunga mdomo, hata akila, na kama kila neno lake juu yangu lingeliza sikio, ningekuwa kiziwi zamani.

Kilichonipata hakikuwa maneno ya mtu. Kanisa letu lilikuwa la miti na maturubai. Wazee wakaleta jenereta na spika mbili kubwa kutoka Mbarara, zile sisi tunaita bafle, wakazisimamisha pale pale ninaposimama kuongoza kwaya. Spika za uwanja wa mpira, kanisa la ukubwa wa banda la mbuzi. Niliomba zisogezwe. Nikajibiwa kwamba Neno la Mungu halipunguzwi sauti. Basi nikasimama kando ya bafle Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku ile ya mavuno nilipotoka nje na mlio ukatoka pamoja nami. Ulikuwa mwembamba, wa juu, haupumziki. Nikilima unalia, nikipika unalia, nikisali unalia zaidi.

Mtu anaweza kusema ni jambo dogo. Mimi sikuwa na kubwa kuliko hilo. Nilikimbia kwetu mwaka wa tisini na sita nikiwa msichana, na tangu hapo karibu kila nilicho nacho nimepewa kwa kadi ya ukimbizi: turubai, sufuria, mahindi, kipande cha shamba chenye miiba. Kwaya sikupewa kwa kadi. Hatukuwa na kinanda. Mimi ndiye nilitoa noti ya kuanzia, na watu wote wakaipokea kutoka kinywani mwangu. Sasa kila nikitaka kuitoa, mlio ulinivuta juu, na akina mama wa soprano wakanifuata huko huko wakipiga kelele kama kuku walioona mwewe. Watu walianza kutazamana.

Pasta akasema ni pepo. Nikaletwa mbele, wanaume wakanizunguka, wakamkemea pepo kwa kipaza sauti. Kipaza sauti chenyewe walikiweka wapi? Sikioni mwangu. Kama pepo alikuwemo, nadhani alikimbia kelele, mlio ulibaki. Pasta akaamua kwamba nitapumzika kidogo, na siku nitakaposimama kushuhudia kwamba nimepona nitarudishiwa kwaya. Kwa sasa ingeongozwa na wifi yangu. Nilimwona akijifunga kitenge vizuri kabla hata pasta hajamaliza kusema.

Nikaenda Mbarara. Nilipanda pikipiki hadi Kabingo, kisha pikapu ya matoke, na njia nzima injini na sikio vilishindana. Hospitalini daktari aliniangalia ndani ya masikio kwa taa, akanivalisha vipokea sauti, akaandika, akavua miwani. Alijua Kiswahili cha sokoni tu, lakini neno moja alilijua vizuri.

"Mama, hii hapana dawa," akasema. "Utazoea tu."

Nililichukia neno hilo kuliko mlio wenyewe. Tulipoonyeshwa shamba la miiba tuliambiwa tutazoea. Mgao ulipopunguzwa, tutazoea. Maji ya ziwa, vumbi, foleni, mtoto kufundishwa kwa lugha ambayo hata mama yake haijui: utazoea, utazoea. Nilishuka Mbarara mjini nikiwa na hasira hata nikamfokea muuza karanga ambaye hakuwa amenikosea chochote. Sikumwomba radhi, na leo pia sioni kwa nini nimwombe. Alikuwa na kengele mkononi.

Baada ya miezi kadhaa kiongozi wa kijiji chetu alipita na megafoni. Kuna dada Mganda wa shirika moja, akasema, anakuja kufanya meditasyo kwa watu wasiolala na wenye vichwa vinavyosumbua. Hapa nieleze, maana ndipo tulipoharibu. Kwetu Waprotestanti wa Kongo, meditasyo ni mahubiri mafupi. Mtu anasoma mstari, anaufafanua, watu wanaimba, wanafunga kwa maombi. Tuliokoka nayo, tulikua nayo, Kifaransa kilituachia hivyo. Basi siku ya siku tulijaa chini ya hema tukiwa na Biblia, akina mama wamevaa vitenge vya umoja wao, na mzee mmoja wa kanisa amekuja na kitabu cha nyimbo kwa tahadhari.

Yule dada akakaa chini kwenye mkeka, akafumba macho, akanyamaza. Sisi tukangoja mstari. Akaendelea kunyamaza. Mzee wa kanisa alinong'ona kwamba maskini, mtoto wa watu hakujitayarisha, na kwa huruma akasimama kumwokoa. Alihubiri juu ya Yona ndani ya samaki mpaka jua likageuka. Tukaimba beti zote. Yule dada alipofumbua macho alipiga makofi, nadhani alifikiri ndivyo Wakongo tunavyopumua. Watu wakatawanyika wakisema meditasyo ilikuwa nzuri.

Mimi sikutawanyika. Nilimfuata yule dada pamoja na mkalimani wake, kijana wa Uvira, nikawaambia kwamba nimeacha shamba langu kwa ajili ya sikio na si kwa ajili ya Yona. Yule dada akacheka mpaka akashika mbavu alipoelezwa kosa letu, jambo lililoniudhi zaidi. Kisha akaeleza taratibu kile alichokuwa amekuja kufundisha, na kijana akatafsiri.

"Anasema usipigane na ile sauti," akaniambia. "Ukae chini, upumue polepole, uisikilize tu. Ikiimba, iimbe."

Nikamuuliza kama mwizi akiingia nyumbani kwao huwa wanakaa chini wamsikilize. Kijana hakutafsiri hiyo. Lakini nilikuwa nimejaribu pamba, mafuta ya vitunguu, kufunga siku tatu na makemeo ya pasta. Nikaona upuuzi mmoja zaidi hautaniua.

Nilikuwa nakaa mchana, nikitoka shambani, kabla watoto hawajarudi kutoka shule. Kusema kweli sikufanya alivyosema. Alisema nikae kwa upole; mimi nilikaa kwa chuki. Nilikunja miguu kwenye mkeka nikaukazia ule mlio jinsi ninavyomkazia macho mbuzi wa jirani aliyeingia katika maharage yangu: simpigi, simkimbizi, namwangalia tu ajue nimemwona. Lia, nikauambia. Lia tukuone. Pumzi ilikuwa inatoka puani kama ya fahali. Siku nyingi niliinuka nikiwa na hasira kuliko nilivyokaa, na wifi alipopita alisema kwa sauti ya kutosha majirani kwamba sasa naabudu ukuta.

Niliendelea kwa sababu yake, nadhani. Sikutaka aone nimeacha. Na hasira, niligundua, inachosha. Unaweza kuukazia mlio macho kwa wiki moja, kwa mwezi mmoja, halafu siku moja huna tena nguvu za kuuchukia kila dakika. Siku hiyo nilisikia jembe la jirani, kuku akiparua nyuma ya nyumba, sufuria yangu ya maharage ikichemka, na katikati yao mlio, mahali pake, ukilia. Ulikuwa ule ule. Ila haukuwa peke yake tena. Nikajaribu kutoa noti ya wimbo wa zamani wa kwetu, chini chini. Mlio ulikuwa huko juu na mimi nikabaki hapa chini, haukunivuta. Nikaimba ubeti mzima. Nililia kama mtoto, kisha maharage yakaungua.

Habari zikamfikia pasta kwamba nasikika nikiimba vizuri nyumbani. Akaja akiwa na uso wa furaha. Akasema Jumapili nisimame nishuhudie jinsi maombi yalivyoniponya, na jioni hiyo hiyo kwaya itakuwa yangu. Nilimwambia sijapona. Akasema hayo ni maneno madogo, Mungu anaelewa. Nilihesabu moyoni nilivyoitamani ile nafasi mbele ya watu, na nikamwambia nitasimama.

Nilisimama. Nikasukuma kipaza sauti kando.

"Bandugu, sikio yangu ingali inalia," nikasema. "Hata sasa hivi inalia. Maombi haikuitoa, na ile bafle ndiyo ilileta. Lakini nimejua kukaa nayo, na kuimba naweza."

Hakuna aliyesema amina. Pasta akaomba tuimbe wimbo, wifi akatoa noti, na kwaya ikabaki kwake. Nilirudi nyumbani nikaketi kwenye mkeka wangu na hasira yangu yote, na siku ile mlio na mimi hatukuwa na la kuambiana.

Wifi alikuja baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata, mchana, katika saa yangu ya kukaa. Alisimama mlangoni akiwa na Biblia kwapani. Alikuwa amekonda.

"Wifi, na yangu inalia," akasema. "Yote mbili. Usiambie batu."

Nilikuwa nimeusubiri mchana huo bila kujua kwamba nausubiri. Nikamwambia atafute mwenye kumsema. Sikutabasamu. Nilidhani atanijibu, maana hajawahi kukosa jibu, lakini alifunika uso kwa kitenge na mabega yakaanza kutikisika. Akasema noti zinamkimbia, kwaya inamcheka, hajui usingizi. Akasema atamwendea pasta yeye mwenyewe aseme kwamba kwaya inirudie mimi, ila nimfundishe ile meditasyo yangu. Akauliza itaisha lini.

Neno la daktari lilinijia hadi kwenye ulimi. Nililimeza.

"Haiishe," nikamwambia. "Kwaya nitaichukua, na sitasema aksanti. Weka hiyo Biblia pale, hapa hakuna mstari. Kaa."

Kiti sikumpa. Alikaa chini kando yangu kwenye mkeka, akafumba macho, akavuta pumzi. Nje jirani alikuwa akilima. Masikio yake yalilia, langu likalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, wifi yangu akanyamaza.