Hema la Upepo Ubavuni mwa Gari la Baba

Majirani humwita Fundi, kwa sababu anashona. Ana miaka hamsini na saba, magoti yake hulia kila anapoinama, na kwa mwaka mmoja na miezi miwili alikuwa akisimamisha hema kila asubuhi na kulikunja kila jioni, bila kusafiri kwenda popote.

Gari lilikuwa la baba yake. Mzee aliendesha gari la zahanati inayotembea kwa miaka thelathini na moja: yeye, muuguzi na utingo wa kufunga mizigo, wiki tatu barabarani, wiki moja nyumbani. Alipostaafu, na gari nalo likawa limechoka, ofisi ikamwachia. Akang'oa vitanda vya wagonjwa, akaweka godoro, jiko dogo na mapazia aliyoshonewa na binti yake, akasema sasa atatembea kwa raha zake, bila kubeba chanjo. Akatembea kweli, miaka sita. Kisha asubuhi moja, akiwa amechuchumaa anakaza nati ya gurudumu, upande wa kulia ukamgomea. Kiharusi.

Alipotoka hospitali alikaa ndani siku tatu. Siku ya nne akaanza kugonga ukuta kwa fimbo.

"Nyumba inanibana," alisema, kwa ulimi mzito.

Fundi akafungua madirisha. Akafungua milango. Akakihamishia kitanda sebuleni, akakirudisha chumbani. Mzee akagonga tu. Mwishowe akamkokota hadi uani, akamkalisha kwenye kiti cha mbele cha gari, na papo hapo akatulia kama mtoto aliyepata ziwa. Lakini gari la bati juani ni tanuri. Kufika saa nne shati lilikuwa limemganda mgongoni, na kushuka hataki.

Ndipo mdogo wake Fundi, ambaye nyumbani walimwita Profesa kwa kupenda kwake kueleza mambo, akatuma boksi kubwa kutoka mji anakofanya kazi. Ndani mlikuwa na hema la kuunganisha ubavuni mwa gari. Halikuwa na vyuma. Lilikuwa na mirija minne minene kama paja la mtu. Unaijaza upepo kwa pampu ya mkono, nalo linasimama lenyewe.

"Dada, ni dakika nane tu," Profesa alisema kwenye simu. "Nimesoma kwenye karatasi yake. Mtu mmoja, dakika nane."

"Huyo mtu mmoja ana umri gani?"

"Hawajaandika."

Mara ya kwanza ilimchukua saa moja na nusu, na mlango ukatazama ukuta. Baadaye alizoea, akafikisha dakika arobaini, na hapo hazikushuka tena. Kwanza alilivuta begi kutoka kwenye korido, maana kulibeba hakuweza. Alitandika turubai la chini ili kitambaa kisikwaruzwe na saruji. Alilikunjua hema, akapanda kwenye stuli na kuupitisha upindo wake ndani ya mfereji wa bati ulio juu ya mlango wa gari, akiusukuma inchi kwa inchi kama anayetia mpira kwenye kiuno cha sketi. Halafu pampu. Mirija minne, kila mmoja misukumo sitini na kitu, mpaka mshale wa kipimo uguse saba. Ule wa kwanza ukijaa, pembe moja ya hema huinuka na kuyumba kama mlevi anayetafuta viatu vyake. Wa nne ukijaa, kuna chumba. Vigingi havikuingia kwenye saruji, kwa hiyo kamba alizifunga kwenye madumu manne ya mchanga, na madumu nayo ilibidi yaburutwe.

Mzee alisimamia kazi yote akiwa kwenye kiti chake mlangoni. Maneno yake yalikuwa yamebaki machache, lakini ya barabarani hayakupotea.

"Utingo! Kamba!"

"Ndiyo, baba."

"Kaza!"

"Nimekaza, baba."

"Hujakaza."

Na mara nyingi alikuwa sahihi, hajakaza.

Saa mbili ikipita kidogo, mzee alikuwa ameketi kivulini, mgongo wake ubavuni mwa gari lake, mkono mzima juu ya tairi la akiba. Fundi alileta cherehani, akashona humo humo. Wateja walikuja kupimwa ndani ya hema. Mama mmoja aliuliza kama ni duka jipya, mzee akamjibu, "Kliniki," na yule mama, kwa adabu, akafungua mdomo aonyeshe jino.

Kazi yenyewe ya asubuhi Fundi angeiweza. Iliyommaliza ni ya jioni. Ua ule ulikuwa wa nyumba nne, na pale liliposimama hema ndipo jirani msambaza mikate alipokuwa akilaza gari lake. Wiki ya kwanza alikuja, kofia mkononi, akasema, "Fundi, mchana sina neno. Ila jioni naomba nipite." Ombi la haki kabisa. Kwa hiyo kila siku, saa kumi na moja jioni, Fundi aliacha shati bila mkono au suruali bila zipu, akaanza kubomoa.

Alifungua vali, upepo ukatoka kwa mlio mrefu, na hema likalala. Lakini upepo hautoki wote. Ilibidi apige magoti na kutambaa juu ya kitambaa, akiusukuma kwa viganja kutoka ukingo hadi vali, kisha alikunje mara tatu na kulivingirisha, akilala juu ya kila mviringo kwa tumbo. Na kila jioni furushi lilikuwa nene kuliko begi. "Begi hili lilishonwa na mtu asiyetutakia mema," alisema. Wiki ya pili alilifumua ubavuni akaongeza kipande cha turubai upana wa shibiri mbili, na hata hivyo ilibidi alikalie ndipo zipu ifunge.

Siku za mvua zilikuwa na adhabu yake peke yake. Hema likikunjwa bichi linaota ukungu, kwa hiyo alilitandaza ndani ya nyumba: juu ya milango, juu ya kabati, juu ya kitanda chake mwenyewe, akalala pembeni huku likimdondokea maji miguuni. Nguo za wateja zikaanza kunuka plastiki.

Profesa alipiga simu kila Jumapili.

"Hema linaendeleaje?"

"Hema halijambo."

"Na baba?"

"Anafurahi."

Hakuuliza la tatu, na Fundi si mtu wa kujibu asichoulizwa.

Jumanne moja, mzee alikuwa hajalala usiku kucha, na Fundi kwa hiyo hajalala. Alfajiri alimwogesha, akamvisha, akamkalisha mlangoni. Akavuta begi. Akatandika. Akapanda stuli, akashuka. Akajaza mrija wa kwanza, akajaza wa pili. Kwenye wa tatu, msukumo wa kumi na ngapi sijui, mikono ikaacha. Haikuuma, iliacha tu, kama wafanyakazi walioweka zana chini. Fundi akasema moyoni, nikae kidogo. Akakaa juu ya upande ambao haujajaa. Kitambaa kilikuwa baridi na laini, na upepo kidogo uliokuwemo ulimpokea. Akaegemea. Akalala.

"Utingo," aliita mzee. Kimya. "Utingo!" Kimya.

Alikuwa na fimbo, na mguu mmoja uliomtii. Hakuna aliyeona alivyofanya, lakini mke wa msambaza mikate, aliyeitwa Mama Mapacha, alipotoka kuanika nguo alimkuta mzee hayupo kwenye kiti. Alikuwa chini, ameketi kwenye saruji karibu na kichwa cha binti yake, mkono mzima ukimzuilia jua usoni kwa kofia.

"Uwiii! Mzee! Fundi amefanya nini?"

"Nyamaza," alisema mzee, bila kukwama hata herufi moja. "Amelala."

Mama Mapacha alimwita mumewe, ambaye siku hiyo alikuwa amerudi mapema. Wakamwinua mzee, wakamrudisha kitini. Fundi akaamka kwa fujo hiyo, shavu limechorwa mishono ya hema, na jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Samahani, saa ngapi? Sijachelewa kulitoa?"

"Kulitoa wapi, wakati hata halijasimama?" alisema msambaza mikate. "Hebu kaa, unywe chai kwanza."

Akanywa.

"Fundi," alisema yule jirani, akichuchumaa mbele yake, "nikuulize kitu, usinielewe vibaya. Hivi kwa nini unalitoa kila siku? Unaogopa umande? Wezi?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mama yake mzazi.

"Si uliniomba mwenyewe? Jioni upite."

"Mimi?" Akakuna kidevu. Halafu uso ukambadilika. "Loo. Wakati ule nilikuwa na lile gari kubwa! Lile nimeliacha toka miezi mitano. Hili dogo linalala hata pale getini. Nalileta hapa kwa sababu naona pako wazi."

Kulikuwa na gari dogo jeupe, mlango wa nyuma umechorwa picha ya mkate. Fundi alikuwa ameliona likiingia na kutoka kwa miezi mitano. Alikuwa hata amelishonea mapazia yake. Na hakuwahi kuunganisha moja na moja, kwa sababu saa hiyo ya jioni alikuwa ametambaa juu ya kitambaa, anatafuta upepo.

Mama Mapacha alimgeukia mumewe. "Na wewe miezi yote hiyo unamwona mtu anajiviringisha chini, humwambii?"

"Nilidhani ndivyo linavyotunzwa!"

Fundi akaanza kucheka. Alicheka hadi chai ikamwagika, na katikati ya kicheko kikageuka, akaziba uso kwa upindo wa kanga, na mabega yakaendelea kutikisika. Mama Mapacha akamsogelea, akamshika shingo kwa upole. Msambaza mikate aliokota pampu, akamalizia mrija wa tatu na wa nne, kwa haraka, kwa aibu, mpaka mshale ukapita saba na Mama Mapacha akamwambia asije akalipasua.

Mchana ule Fundi alishona kidogo, alisinzia zaidi. Ilipofika saa kumi na moja alijikuta amesimama, mikono inaelekea vali yenyewe. Akaikunja kifuani. Akajiambia, leo hapana.

"Baba, twende ndani, tukale."

Mzee hakusogea. Alitazama kamba, kisha madumu, kisha binti yake.

"Tunaondoka saa ngapi?"

"Hatuondoki, baba. Hema linabaki. Jirani ameruhusu."

"Funga," alisema mzee.

"Hakuna haja tena."

"Funga. Kazi haijaisha."

Alimweleza tena, polepole, habari ya gari kubwa na gari dogo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza maofisa wasiojua barabara. Kisha akashika fimbo na kugonga ubavu wa gari: ko, ko, ko, ule mlio wa zamani wa kumwambia utingo apande. Fundi akaelewa, na kuelewa huko kukamchosha kuliko pampu. Kwa miaka thelathini na moja huyu mtu hakuwahi kulala kabla ya kufunga mizigo. Asubuhi ya kivuli ilikuwa ya mwili wake. Jioni ya kukunja ndiyo iliyokuwa siku yake ya kazi, siku pekee aliyobakiwa nayo.

Alisimama pale muda mrefu. Sitasema hakukasirika. Alikasirika, aliwaza kumwacha pale pale, aliwaza kumpigia Profesa aje amchukue na hema lake. Kisha akainama, akafungua vali mbili tu, za mirija ya mbele. Upepo ukalia. Sehemu ya mbele ya hema ikashuka taratibu, ikalala juu ya turubai, na ile ya nyuma ikabaki imesimama ubavuni mwa gari. Akaukunja upande wa mbele mara moja, akauwekea dumu juu. Dakika tatu, labda nne.

"Haya, baba. Tayari."

Mzee alikagua. Alinyoosha fimbo kwenye dumu. "Lisogeze."

Akalisogeza.

"Sawa," alisema mzee, na akatoa mkono ashikwe.

Jumapili Profesa alipopiga simu na kuuliza hema linaendeleaje, Fundi alimjibu, "Uliza dada yako anaendeleaje." Profesa akauliza. Fundi akamwambia, kuanzia kwenye magoti, na mdogo wake akasikiliza bila kueleza chochote. Mwezi uliofuata alikuja kwa siku kumi, akasimamisha hema yeye, kwa dakika hamsini na tano, huku mzee akimwita utingo mbovu.

Ameshaondoka. Sasa Fundi hujaza mirija miwili asubuhi na kuifungua miwili jioni. Umande umeanza kula kitambaa cha nyuma, na amekwisha kukitia kiraka kimoja, turubai juu ya turubai, mshono wa mara mbili. Bado anachoka. Lakini jana alimaliza kola kumi na mbili, akazipanga mezani, na jua lilikuwa halijazama.