Nyapara wa Reli ya Mezani

Karani mmoja wa zamani wa Embu alifariki juma lililopita, nami nilikwenda kumzika. Msemaji mmoja baada ya mwingine alimwita mtu wa reli, bingwa wa kutunza njia za garimoshi tangu ukoloni. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Sisi wakongwe tulitazamana. Mji wa Embu haujapata kuwa na reli. Reli ya marehemu ilikuwa juu ya meza.

Siku za Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, kabla sijashika kalamu, nilikuwa na bucha mjini, na nilikuwa nikipeleka nyama kwa ofisa mmoja Mzungu aliyekaa nje ya mji. Alikuwa na garimoshi la kuchezea lililojaza chumba kizima. Alipochoka kulitazama likizunguka tu, aliamua reli yake iharibike na kutengenezwa kama ya kweli. Karani wake, huyu tuliyemzika, akajifanya nyapara. Alipanga vibarua wa bati wenye makoleo, akang'oa mataruma ya njiti za kiberiti yaliyobeba reli, akamwaga kokoto kwa kijiko, akasimika bendera nyekundu. Njia ikifungwa, garimoshi halikupita mpaka kazi iishe. Ng'ambo ya ua, wanawake wa kwao karani walikuwa wakichimba handaki la kuzungushia kijiji kwa amri ya ofisa huyo huyo.

Asubuhi moja nilimkuta barazani mama kutoka Mbeere, mtoto mgongoni anahema kwa shida. Alitaka pasi ya kupita kizuizi aende hospitali, na pasi ilihitaji sahihi ya ofisa.

"Ngoja, mama," karani alimwambia. "Bwana ana kazi. Reli imefungwa."

"Reli gani?" mama aliuliza. "Hapa kuna reli?"

Nilimwomba karani amweleze ofisa habari za mtoto. Akaniambia nishughulike na nyama yangu, akaingia ndani. Dirishani nilimwona akipunga bendera ya kijani, garimoshi likipita polepole, ofisa akimpigapiga bega. Pasi ilitoka alasiri. Nilimbeba mama kwa baiskeli. Tulipofika hospitali, aliteremsha maiti.

Miaka mingi baadaye nilimuuliza karani sababu. "Bwana hakupenda kukatizwa," alisema, kisha akanieleza jinsi garimoshi linavyopaswa kupunguza mwendo kwenye kokoto mpya. Alieleza vizuri sana. Mtoto hakumtaja.

Mzungu yule simshangai. Mwenye nguvu huchezea apendacho. Ninayemdharau ni yule aliyekaa kati yake na mwenye shida, na watu wa aina yake bado wamejaa maofisini. Hawatuchukii. Wanaogopa tu kumsumbua mkubwa, na woga huo wameupa jina la utaratibu. Wakifa, tuwazike kwa adabu, tuwape pole watoto wao, lakini tusiwapambe. Tukiwapamba, kijana aliyeajiriwa jana atajua kwamba heshima hupatikana kwa kumfurahisha bwana, na kwamba hakuna atakayemuuliza nani alikufa akingoja.