Anayeonja Kwanza

Miaka ile ya ruksa, ushirika ulipolala na mazao yakakosa mnunuzi wa uhakika, wanawake wengi wa Mtinko walitegemea kupika pombe ya mtama. Mimi nilikuwa mmoja wa vijana sita tuliokuwa tukifundishwa utafiti. Kazi yetu ilikuwa kuwahoji wajawazito na waliojifungua karibuni ambao pombe imewashinda kuiacha, ili zahanati zijue namna ya kuwasaidia. Mwalimu wetu alikuwa mkunga mstaafu, mkavu wa maneno. Mimi nilikuwa na kalamu mpya na kiburi cha kujaza mkoba.

Nilipangiwa mama mwenye mimba ya miezi mitano. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mdogo mno, hakumaliza wiki. Nilimweleza madhara ya pombe kama kasuku, naye akaitikia kila neno, macho chini.

"Kwa hiyo utaacha?"

"Natamani, dada. Huyu nataka aishi. Lakini nitaachaje?"

Nikakasirika. Nikaandika: amekataa ushauri.

Mkunga alisoma, akavua miwani.

"Umemwona akinywa?"

"Hapana. Nimemuuliza."

"Basi Jumamosi nenda ukakae kwake kutwa nzima, binti. Karatasi ziache hapa."

Jumamosi ilikuwa siku ya kuuza. Kila mteja alipoagiza, yule mama alichota kwa kata, akanywa funda moja mbele yake, ndipo akampa. Mimi ni mtoto wa Misigiri, mkoa huohuo, na desturi hiyo nimeiona tangu nikiwa mgongoni. Muuzaji asipoonja, mteja atajuaje hakuna sumu? Niliijua maisha yangu yote, na sikuikumbuka hata kidogo nilipokuwa namhoji.

Kufikia saa nane mchana macho yake yalikuwa yamelegea. Akajaribu kumpa mzee mmoja kata bila kuionja. Mzee akairudisha.

"Onja kwanza, mama. Au kuna nini humu?"

Watu wakacheka. Akaonja, mkono mmoja tumboni. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Pembeni mama mkwe wake alikuwa akipepeta mtama. Huyu alikuwa ameokoka, kiongozi wa maombi ya akina mama, na pombe hakuigusa miaka mingi. Ile ya mkamwana wake aliivumilia tu kwa kuwa ndiyo iliyowalisha. Nilimsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, ni lazima aonje yeye?"

"Aonje mtu wa nyumba hii."

"Mtu yeyote?"

Aliendelea kupepeta mtama uliokwisha kutakata. Kisha akasema taratibu, "Kanisani watanitenga."

Sikumwomba kitu, naapa. Hata kumtazama niliogopa. Alitua ungo, akajikung'uta makapi kwenye kanga, akaenda kuichukua kata mkononi mwa mkamwana wake.

"Kaa," alimwambia.

Alikunywa funda moja, uso ukamkunjamana kama mtoto aliyelishwa kwinini. Mzee aliyefuata kwenye foleni akaipokea kata, akanywa. Yule mama mjamzito alikaa kwenye kigoda na kulia, na mimi nikalia naye, mtafiti mzima.

Walimtenga kweli. Alionja kila Jumamosi hadi mkamwana akajifungua, na aliendelea kuonja wakati wa kunyonyesha. Kwenye fomu niliyafuta yale maneno yangu, lakini hapakuwa na nafasi ya kumwandika yeye.

Mtoto alikuwa wa kike, mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Jumapili ya ubatizo nilialikwa. Baadaye waumini waliitwa Mezani pa Bwana kushiriki mkate na divai, na benchi baada ya benchi likainuka. Bibi alibaki ameketi kando yangu, nyuma kabisa, mjukuu amelala mapajani, akimrekebishia kofia ambayo haikuwa imepinda.

Mimi sikuwa nimetengwa na mtu. Lakini zamu ya benchi letu ilipofika, sikuinuka. Nilibaki nimekaa naye.