Upande wa Pili wa Mama Mkwe

Mtaani walimwita Kompresa, kwa sababu hakuna friji lililowahi kumshinda. Mwenye friji akilia kwamba limekufa, yeye hulala kifudifudi, akalitegea sikio kama daktari, kisha akasema, "Halijafa. Limenuna tu." Masikio yake ndiyo yaliyomlisha, na masikio hayo hayo ndiyo yaliyomtia wazimu wa pili: muziki wa hausi, ule wa taratibu wenye besi ya kukukanda kifua, pamoja na tekno ya kwenda mbio bila kuhema.

Aliutengeneza peke yake kwenye stoo ya nyuma ya nyumba. Humo mlikuwa na kompyuta iliyovunjika kona, spika mbili, maikrofoni iliyoning'inia kwenye msumari, na magodoro chakavu aliyoyagongomelea ukutani ili majirani wapumue. Midundo hakuifuata mbali. Mlango wa friji ukifungwa, hiyo ndiyo ngoma. Barafu ikipasuka kwenye trei, hiyo ndiyo kayamba. Hakuwa na kampuni wala meneja. Kwa miaka sita aliweka nyimbo zake mtandaoni zikasikilizwa na watu arobaini, wakiwemo yeye na mkewe. Ndipo akaamua kutoa santuri. Santuri ya kweli, nyeusi, ya kushikika.

"Siku hizi nani ana mashine ya santuri?" aliuliza mkewe, mwalimu wa hesabu.

"Wapo."

"Wangapi?"

"Wapo, mke wangu. Usinipe mtihani."

Nyumbani hapo aliishi pia mama mkwe wake, fundi cherehani, aliyehamia na mashine yake mwaka uliotangulia akaliteka dirisha la sebuleni. Kompresa alimheshimu hadi kumwogopa. Akipita mbele yake alipunguza hata hatua. Mama naye hakuwa na neno baya; asubuhi aliuliza tu, "Mkwe, mngurumo wako umeamkaje?"

Sasa siku moja Kompresa alikuwa jikoni, ameinamia friji la nyumbani, ananasa sauti ya mota. Kinasa sauti kinazunguka, amebana pumzi. Mama mkwe akaingia, akafungua mlango wa friji, akatazama ndani, akapaza sauti hadi vikombe vikatetemeka: "Nani kamaliza maziwa? Nauliza, nani kamaliza maziwa?" Kisha akamgeukia paka, akamfukuza.

Kompresa alijifungia stoo akicheka peke yake. Kwa mzaha tu, akaikata sauti ile, akaipandisha juu ya mdundo wa wimbo mmoja wa santuri ile, irudi na irudi, apate kumchekesha mkewe. Akaihifadhi karibu na wimbo wenyewe, kwa jina linalokaribiana nao. Wiki mbili baadaye, alipotuma kazi kwenye kiwanda cha kuchapa santuri, akili ikiwa kwenye friji la mteja, alituma ile ya mzaha.

Sanduku la santuri lilifika mchana mmoja. Aliipachika santuri ya kwanza kwenye mashine yake. Upande wa kwanza ulitoka safi kama maji. Akageuza. Besi ikaingia polepole, ikanoga, halafu: "Nani kamaliza maziwa?"

Kompresa akainyanyua sindano haraka. Mkewe alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Utamwambia mama?"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alilisukuma sanduku chini ya kitanda, akakimbilia simu, kwani nusu ya santuri kiwanda kilikuwa kimezipeleka moja kwa moja kwa muuza santuri wa mjini.

"Usiziuze!" alisema.

"Umechelewa, zimebaki nne," alijibu muuza santuri. "Watu wanaugombania huo upande wa pili. Hivi yule mama ni nani? Ana nyimbo nyingine?"

Kwa wiki tatu Kompresa aliishi roho juu. Alikula haraka na kutoka nyumbani mapema. Maskini hakujua kwamba duka la nyuzi analolipenda mama mkwe wake lilikuwa mlango wa tatu kutoka kwa muuza santuri.

Ikawa Jumamosi moja mama karudi na mfuko wake wa nyuzi, akaketi, akavua viatu bila haraka.

"Mkwe, njoo ukae hapa."

Kompresa akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Leo nimejisikia naongea barabarani na mdomo nimeufunga. Nikasema basi, uzee ndio huu umeingia. Kuchungulia dukani, naona vijana wanaruka, na kila nikiuliza kuhusu maziwa, wananiitikia!"

"Mama, nisamehe. Nilikosea kutuma..."

"Ngoja kwanza. Siku ile nilikuwa na mafua!" Mama alipiga goti lake kwa kiganja. "Sauti imekwaruza kama mlango wa ghala. Ndiyo uliyoona inafaa kuwapelekea watu? Ungeniambia, ningejiandaa."

Mama akamkazia macho.

"Na maziwa alikunywa nani?"

"Mimi, mama."

"Nilijua. Na paka wa watu nikamsingizia."

Kesho yake mama aliingia stoo akiwa amevaa gauni alilolishona kwa harusi ya bintiye. Mbele ya maikrofoni akakauka, akatamka kila neno kama msoma taarifa ya habari. Walirudia mara kumi, wapi. Kompresa akaona amwekee mdundo mpya aliokuwa akiushughulikia, ili alegee kidogo. Mama akasikiliza, kichwa kimeinama, kisha akainua kidole.

"Hapo. Umeruka mshono."

"Mshono gani, mama?"

"Rudisha. Huo wa nne unachelewa. Nimekaa na cherehani miaka thelathini, mshono ukiruka nausikia kabla sijauona."

Alirudisha, akavuta sauti kwenye kompyuta, akatoa macho. Kweli pigo la nne lilikuwa limechelewa nywele moja tu, na yeye mwenye masikio ya kusifiwa lilikuwa limempita mwezi mzima. Akalisogeza. Wimbo ukakaa. Mama akaanza kumweleza pengine palipolegea, kwa sauti yake ya kawaida, ya kuagiza na kukemea, na Kompresa akabonyeza kinasa sauti polepole.

Santuri ya pili ilitokana na mazungumzo yale. Ugomvi ulizuka kwenye lebo tu, Kompresa alipoandika "Sauti: Mama Mkwe".

"Mama mkwe ni kwako wewe," mama alisema. "Walioko nje hawajaoa kwangu. Andika Fundi Cherehani. Na uandike pia kwamba nimekagua."

Akaandika yote mawili. Siku hizi hakuna wimbo unaotoka stoo bila kupitia sebuleni kwanza, na huu anaouandaa sasa umesharudishwa mara nne.