Siki Yangu na Blichi ya Mke Wangu

Nilifanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu Nyarugusu miaka sita. Nilijifunga kitambaa puani, na vumbi likapita humo humo. Kifua kilipogoma nilirudi nyumbani Kahama, na daktari akaniambia nikae mbali na vumbi, moshi na harufu kali. Vumbi na moshi niliviweza. Tatizo lilikuwa mke wangu, ambaye kila asubuhi hudeki nyumba nzima kwa blichi, tena huimimina bila kupima. Akianza tu, natoka nje nikikohoa mpaka machozi, na wapita njia wananipa pole kama nimefiwa.

Afisa afya wa kata alipotangaza mafunzo ya kutengeneza dawa za usafi zisizodhuru, nilikwenda, mwanaume peke yangu kati ya akina mama. Tulifundishwa kutumia siki, maganda ya malimau, magadi na jivu. Nilifika nyumbani na shauku, nikatia siki na magadi katika chupa moja, nikafunga, nikaitikisa. Labda lilisemwa nikiwa nakohoa, kwamba hivyo viwili havifungiwi pamoja. Kifuniko kiliruka hadi darini, na maji yakalirukia gauni la kwaya la mke wangu, lililokuwa limetoka tu kupigwa pasi.

"Hiyo ndiyo isiyodhuru?" aliuliza.

Nilimwomba aweke blichi kando, nikaanza upya. Niliroweka maganda kwenye siki wiki mbili, nikachuja, nikazimua kwa maji. Kuinama kulinikata pumzi, kwa hiyo nilideki nimepiga magoti, kila asubuhi, kisha natoka kunyoosha miguu kama daktari alivyoagiza, na nikirudi nakuta madirisha yote wazi. Miezi miwili ikapita. Kifua hakikubadilika hata kidogo. Nikaanza kuilaumu siki. Nikapunguza maganda, nikaongeza, nikajiona mjinga.

Siku moja nilirudi kabla ya kufika hata barabarani, maana nilikuwa nimesahau kofia. Nilimkuta mke wangu koridoni, kanga kaikunja magotini, anadeki palepale nilipotoka kudeki. Harufu ya blichi ilinipiga mlangoni.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza," alisema. Hakujificha.

"Mama, nimepiga magoti miezi miwili!"

"Na mimi nimerudia miezi miwili, Baba. Unadhani napenda? Nyumba inanuka kachumbari."

Nilitaka kufoka, lakini hata kufoka kunahitaji pumzi. Kikohozi kilinikamata katikati ya neno, nikakaa chini nje ya mlango. Aliniletea maji, akanisugua mgongo, na alipoona nimetulia akaanza kuongea bila kunitazama. Alikulia kijijini, upande wa Chato, katika nyumba ya sakafu ya udongo iliyosilibwa kwa kinyesi cha ng'ombe. Alipopelekwa shule ya mjini, wasichana wenzake walikuwa wakimsogelea kumnusa, kisha wanacheka.

"Nikisikia blichi najua hakuna wa kuninusa," alisema.

Miaka kumi na tisa ya ndoa, na hilo sikuwahi kulisikia. Nilimhurumia, kweli nilimhurumia. Lakini hasira haikuondoka.

"Na mimi je?" nilimuuliza. "Nife nyumba ikinukia?"

 Mwishowe tulikubaliana: chumbani, jikoni na koridoni ni kwa siki yangu, na asirudie. Sebuleni ni pake, Jumamosi tu, madirisha wazi, na mimi nitakwenda kushinda kwa kaka yangu. Tangu hapo nalala vizuri zaidi, ingawa kupanda ngazi za zahanati bado kunanishinda.

Juzi, Jumatano, dada zake walipiga simu kwamba wako njiani. Nikamwona anaelekea sebuleni na ndoo.

"Leo si Jumamosi," nilimwambia.

"Wageni hawaijui Jumamosi," akajibu, akafunga mlango.